Upele usipotoka: surua inavyosafiri kwenye damu ya mtoto mwenye kinga dhaifu

Mzazi aliyewahi kuuguza surua anaijua kwa macho. Homa kali, mafua, kikohozi kikavu, macho mekundu yanayotoa machozi, kisha vipele vinavyoanzia nyuma ya masikio na usoni, vikashuka kifuani na tumboni hadi miguuni. Vipele vikishatoka, hata jirani akichungulia mlangoni anasema, "Hiyo ni surua."

Lakini wapo watoto ambao surua huwaingia, ikawazunguka mwili mzima, ikafika kwenye mapafu na wakati mwingine kwenye ubongo, bila vipele hivyo kuonekana sawasawa. Wengine hawatoi upele kabisa. Hawa ni watoto wenye kinga dhaifu: mwenye VVU ambaye bado hajaanza dawa au ameziacha, mwenye utapiamlo mkali, mwenye saratani anayepewa dawa kali, au anayetumia dawa zinazopunguza nguvu ya kinga kwa muda mrefu.

Mzazi wa mtoto wa namna hii anayesema "nikiona upele nitampeleka zahanati" anaweza kuwa anasubiri dalili ambayo haitakuja. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kuifuata safari ya virusi vya surua tangu vinapoingia puani hadi vinapoenea kwenye mishipa ya damu.

Siku kumi za kimya

Surua huambukizwa kwa njia ya hewa. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya ndani ya chumba, virusi vinaweza kubaki hewani humo kwa hadi saa mbili, hata kama mwenyewe ameshaondoka. Ndiyo maana mtoto anaweza kuupata ugonjwa huu kwenye basi, kanisani, msikitini au kwenye benchi la kliniki bila kumgusa mgonjwa. Wataalamu hukadiria kuwa mgonjwa mmoja akiingia katika jamii ambayo hakuna mwenye kinga, anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18.

Vikishavutwa na pumzi, virusi hukutana na seli za ulinzi zilizoko kwenye mapafu. Kazi ya seli hizo ni kumeza vijidudu na kuvipeleka kwenye tezi. Kwa vijidudu vingi huo ndio mwisho wao. Surua ni tofauti. Virusi vyake vina uwezo wa kuingia ndani ya seli hizohizo za ulinzi na kuzaliana humo.

Ni kama mwizi aliyekamatwa, akapakiwa kwenye gari la polisi, kisha akaligeuza gari hilo kuwa usafiri wake. Anapita kila kizuizi bila kusimamishwa, maana gari ni la askari.

Kutoka kwenye tezi, seli nyeupe zilizobeba virusi huingia kwenye mkondo wa damu. Mtu akiwa amepumzika, damu yake humaliza mzunguko wa mwili mzima kwa takribani dakika moja. Kwa hiyo virusi vikishapanda kwenye damu, hakuna kiungo kilicho mbali. Vinafika kwenye wengu, ini, utumbo, macho, ngozi, na kurudi tena kwenye mapafu, safari hii vikiwa vingi zaidi.

Wakati haya yote yanatokea, mtoto anacheza na anakula ugali wake kama kawaida. Kwa kawaida huchukua takribani siku 10 tangu kuambukizwa hadi homa kuanza, na takribani siku 14 hadi upele kutoka. Mbaya zaidi, mtoto huanza kuambukiza wengine siku nne kabla ya upele, na huendelea hadi siku nne baada yake. Familia inapoanza kusema "hii ni surua", ndugu waliolala naye kitanda kimoja wameshavuta hewa yake kwa siku kadhaa.

Upele ni alama ya mapigano

Wengi hudhani upele ni virusi vyenyewe vinavyotoka nje. Sivyo.

Mishipa midogo kabisa ya damu iliyo chini ya ngozi ina ukuta mwembamba sana, unene wa seli moja tu. Seli zilizobeba virusi hufika hapo na kuvipitisha kwenye seli za ngozi. Mwili wenye kinga nzuri hugundua haraka. Hutuma seli za kupigana, nazo huanza kuua seli zilizoambukizwa, moja baada ya nyingine. Kwenye eneo la mapigano mishipa midogo hutanuka, ngozi huvimba kidogo na kubadilika rangi. Huo ndio upele. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani wazi kila mara. Mara nyingi mzazi huuhisi kwa kiganja, ngozi ikiwa ya kukwaruza.

Kwa hiyo upele wa surua ni habari mbaya yenye habari njema ndani yake. Unasema mtoto anaumwa, lakini pia unasema kinga yake imeamka. Kwa mtoto mwenye afya, baada ya upele kutoka, virusi vinavyozunguka kwenye damu hupungua haraka.

Sasa chukua mtoto ambaye seli zake za kupigana ni chache au zimechoka. Virusi vinafika kwenye ngozi yake vilevile, lakini hakuna jeshi la kuvikabili. Ngozi inabaki tulivu, au vinatoka vipele vichache visivyoeleweka. Ukimtazama kwa nje unaona homa na kikohozi tu, na nyumbani wanasema ni malaria au ni baridi ya Ufipa. Ndani ya mishipa, safari inaendelea bila kizuizi.

Katika familia nyingi wapo wazee wanaosema kuwa surua "iliyorudi ndani" ndiyo inayoua. Macho yao hayakuwadanganya, kwa sababu mtoto ambaye mwili wake unashindwa kutoa upele anaweza kweli kuwa katika hatari kubwa zaidi. Kosa huja katika hatua inayofuata, pale mtoto anapofungiwa ndani na kupewa dawa za kienyeji ili "upele utoke" huku siku zikikatika. Hakuna dawa ya kuutoa upele. Mtoto huyo anahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Virusi vinapokosa mpinzani

Mahali surua inapoua zaidi ni kwenye mapafu. Kwa watoto wengi nimonia hutokea kwa sababu bakteria huingia baada ya surua kudhoofisha njia ya hewa, na dawa za antibayotiki husaidia. Kwa mtoto mwenye kinga dhaifu, virusi vyenyewe vinaweza kuendelea kuharibu mapafu kwa wiki kadhaa, na antibayotiki haziui virusi. Madaktari wanaijua hali hii kwa muda mrefu: nimonia ya surua kwa mtoto ambaye hakuwahi kutoa upele.

Mahali pengine ni ubongo. Kwa baadhi ya wenye kinga dhaifu, surua hujitokeza kwenye ubongo miezi kadhaa baada ya maambukizi. Huanza na degedege na kubadilika kwa fahamu, wakati familia ilishasahau kuwa mtoto alikuwa na homa. Hali hii si ya kawaida, lakini ikitokea matibabu yake ni magumu sana.

Jambo la tatu ni muda. Katika nchi jirani ya Zambia, watafiti waliofanya kazi mjini Lusaka waliwafuatilia watoto waliolazwa kwa surua. Waliona kuwa vinasaba vya virusi vya surua viliendelea kupatikana mwezi mmoja na zaidi baada ya upele, na hali hiyo ilikuwa ya kawaida zaidi kwa watoto wenye VVU kuliko wasio navyo. Kwa maneno mengine, pale kinga inapokuwa dhaifu, virusi huchelewa kuondoka mwilini.

Na hata vikiondoka, vinaacha pengo. Kwa kuwa surua hushambulia seli za kinga zenyewe, huua pia zile zinazokumbuka magonjwa ya zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, ulionyesha kuwa baada ya surua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya vijidudu vingine. Mtoto anapona surua, kisha anaanza kuugua upya kuhara na vifua ambavyo mwili wake ulishajifunza kuvishinda. Kwa aliyeanza na kinga ndogo, huko ni kunyang'anywa hata kidogo alichokuwa nacho.

Ni watoto gani hawa?

Wa kwanza ni mtoto mwenye VVU. Hapa pana habari njema: mtoto anayemeza dawa zake za ARV kila siku, na ambaye vipimo vinaonyesha wingi wa virusi kwenye damu umeshuka, hujenga kinga yake upya. Anayebaki hatarini ni ambaye hajapimwa, ambaye hajaanza dawa, au ambaye dozi zake zinakatika.

Lakini kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Chanjo ya surua aliyopewa mtoto mwenye VVU kabla ya kuanza dawa inaweza isishike vizuri au ikafifia mapema. Kadi yake ya kliniki inaonyesha amechanjwa, lakini damu yake haina ulinzi wa kutosha. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto hawa wapewe dozi nyingine baada ya ARV kuwajenga upya. Ni swali la kuuliza pale CTC: "Je, mtoto wangu anahitaji kurudiwa chanjo ya surua?"

Wa pili ni mtoto mchanga wa mama mwenye VVU, hata kama yeye mwenyewe hakuambukizwa. Kila mtoto huzaliwa na kinga aliyorithi kwa mama, lakini mama mwenye VVU mara nyingi hupitisha kinga kidogo zaidi ya surua. Hivyo mtoto wake anaweza kubaki wazi kabla hajafikisha miezi 9, umri wa chanjo ya kwanza.

Wa tatu ni mtoto mwenye utapiamlo mkali. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha Tanzania kwa mahindi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 49.8 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa. Udumavu si sawa na utapiamlo mkali wa mtoto aliyekonda sana au kuvimba miguu, lakini vyote vinatoka kwenye mlango mmoja: sahani yenye ugali mwingi na vyakula vingine vichache. Mwili usiopata protini na vitamini A ya kutosha hukosa malighafi ya kutengenezea seli za kupigana, na surua huwa kali zaidi kwa mtoto huyo. Macho yake pia huwa katika hatari ya upofu.

Wa nne ni watoto wanaotibiwa saratani, na wale wanaotumia dawa kama prednisolone kwa wiki nyingi, kwa mfano kwa ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili. Dawa hizo zinawaokoa, kwa hiyo zisiachwe kwa hofu. Cha muhimu ni kila anayemhudumia mtoto kujua kuwa anazitumia.

Surua ina wenzake

Tetekuwanga nayo husafiri hivyohivyo, ikibebwa na seli nyeupe ndani ya damu hadi kwenye ngozi. Kwa watoto wengi ni wiki moja ya kujikuna. Kwa mwenye kinga dhaifu, virusi vinaweza kushuka kutoka kwenye damu hadi kwenye mapafu, ini na ubongo, na wakati mwingine huingia kwenye kuta za mishipa ya damu ya ubongo na kusababisha kiharusi.

Virusi hivyohivyo vya tetekuwanga hubaki vimelala kwenye mishipa ya fahamu baada ya mtu kupona. Kinga ikishuka miaka mingi baadaye, huamka na kutoa malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili. Huo ndio mkanda wa jeshi. Maji ya malengelenge hayo yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtoto ambaye hajawahi kuugua. Babu au baba mwenye mkanda wa jeshi afunike vidonda na asilale na mtoto mwenye kinga dhaifu hadi vikauke. Ugonjwa huu una dawa, asikloviri, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa mapema. Na mtoto mwenye tetekuwanga asipewe aspirini, kwa sababu inaweza kumharibu ini na ubongo.

Vipo pia virusi ambavyo havipiti tu kwenye mishipa ya damu bali huhamia humo. Saratani ya Kaposi husababishwa na virusi vinavyoishi ndani ya seli zinazotandaza ukuta wa mishipa, na kinga ikiporomoka seli hizo huanza kuota ovyo. Virusi hivyo, vilivyogunduliwa mwaka 1994, huenea zaidi kwa mate. Kwa mtu mzima dalili yake huwa madoa meusi au ya zambarau kwenye ngozi au ndani ya mdomo. Kwa mtoto mara nyingi ni tezi zinazovimba bila kupungua. Tiba huanza na kuirudisha kinga kwa ARV, na wapo wanaohitaji pia dawa za saratani.

Kwa nini Ufipa isikae mbali na habari hii

Mwishoni mwa mwaka 2022, surua ililipuka katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, eneo la bonde la Ziwa Rukwa ambalo lilikuwa sehemu ya mkoa wa Rukwa hadi mwaka 2012. Zaidi ya watoto kumi walipoteza maisha. Februari 2024 serikali iliendesha kampeni ya chanjo ya surua na rubela nchi nzima kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kampeni hupita, lakini kila mwaka wanazaliwa watoto wapya. Katika bonde na mwambao wa maziwa, watu huhama na kazi: wavuvi kwenye kambi, wafugaji na mifugo yao, wakulima wanaohamia mashambani wakati wa mavuno. Mtoto anayehama na wazazi wake ni rahisi kukosa dozi ya miezi 18, na ni rahisi pia kukosa tarehe ya kuchukua ARV. Toka Muze au Mtowisa, chini kwenye bonde, kupanda hadi Sumbawanga mjini ni safari ya mlima inayohitaji nauli na siku nzima. Homa iliyoonekana ndogo asubuhi ikipewa siku tatu za kusubiri, mtoto hufika hospitali amechoka.

WHO inasema ili surua ikose njia ya kupita, angalau watoto 95 kati ya 100 wawe wamepata dozi mbili. Hesabu hiyo inamhusu sana mtoto mwenye kinga dhaifu. Chanjo ya surua hutengenezwa kwa virusi vilivyo hai lakini vilivyodhoofishwa, hivyo mtoto ambaye kinga yake imeshuka sana huenda daktari akaamua asipewe kwanza. Ulinzi wake pekee unabaki kuwa miili ya wengine: kaka zake, dada zake, watoto wa jirani na wanafunzi wenzake. Ndugu aliyechanjwa hamwambukizi surua kwa sababu ya chanjo hiyo. Anakuwa ukuta.

Mzazi afanye nini

Kabla ya ugonjwa. Hakikisha kila mtoto nyumbani amepata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na akiwa na miezi 18. Aliyechelewa bado apelekwe. Kwa mtoto mwenye VVU, au pale panapokuwa na mlipuko, uliza kuhusu dozi ya mapema ya miezi 6, ambayo WHO inaishauri. Familia ikijua itahamia shambani au kambini, iwaambie CTC mapema ili wapange tarehe na kiasi cha dawa.

Mtoto mwenye kinga dhaifu akikaa karibu na mgonjwa wa surua. Usisubiri homa. Nenda kituoni siku hiyohiyo. Chanjo inayotolewa ndani ya saa 72 baada ya kukutana na mgonjwa inaweza kuzuia au kupunguza ugonjwa kwa mtoto anayeruhusiwa kuipata. Kwa asiyeruhusiwa, ipo sindano ya kingamwili inayotakiwa kutolewa ndani ya siku 6. Haipatikani kila kituo, kwa hiyo kila siku inayookolewa inampa mhudumu nafasi ya kupiga simu na kutoa rufaa.

Akishaanza homa na kikohozi. Simu unayosomea habari hii ina saa. Mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akifikisha pumzi 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40 au zaidi, anapumua haraka kuliko kawaida. Hiyo, au mbavu zinazoingia ndani anapovuta pumzi, ni sababu ya kwenda sasa hivi. Vivyo hivyo kama hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea na haamki vizuri, ana vidonda vingi mdomoni au jicho limeingia ukungu.

Ukifika kituoni. Wengi huogopa kutaja hali ya mtoto mbele ya foleni, na ukimya huo humfanya mhudumu amtibu kama mtoto yeyote. Si lazima kutangaza. Bibi anayelea mjukuu anaweza kwenda moja kwa moja dirishani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu ana homa siku ya pili. Ana kliniki yake ya kila mwezi, kadi hii hapa, isome. Na nyumba ya pili kuna mtoto mwenye surua. Naomba tusikae humu na watoto wa watu."

Maneno hayo machache yanatosha. Nesi akiiona kadi ataelewa, mtoto atatengwa mapema, na siri imebaki kati ya watu wawili.

Mtoto anayetibiwa surua hupewa pia vitamini A siku mbili mfululizo kwa kipimo cha umri wake, na mwenye dalili za macho hupewa tena wiki chache baadaye. Usiinunue dukani na kumpa kwa kukisia, kwa sababu ikizidi ina madhara.

Ukiwa nyumbani naye. ARV na septrini ziendelee kila siku, hata kama analalamika mdomo unauma. Akitapika dawa, rudi kituoni ukaulize. Mnyonyeshe au mpe maji na uji mara nyingi, kidogokidogo. Uji wa ulezi wenye karanga, dagaa waliosagwa na maharage yaliyopondwa ni chakula cha kujenga mwili ambacho Ufipa inacho. Safisha macho kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, na usitie dawa ya kienyeji machoni, kwani wapo watoto waliopofuka kwa hilo na si kwa surua yenyewe. Fungua madirisha mchana, hata kama ni Julai na upepo wa Sumbawanga unauma.

Na baada ya homa kushuka, usimhesabu kuwa amepona kabisa. Mrudishe kliniki kwa tarehe aliyopewa, mpime uzito, na kwa miezi inayofuata kila homa, kifua, kuhara au degedege lipelekwe mapema, ukimkumbusha mhudumu kuwa mtoto huyu alipata surua.

Chanjo ya surua na rubela hutolewa bure katika vituo vya serikali. Leo jioni watoto wakishalala, toa kadi zote za kliniki zilizomo ndani ya nyumba, uzipange mezani na uangalie mistari miwili: miezi 9 na miezi 18. Palipo wazi pajazwe wiki hii, hata kama mwenye kadi ni mzima na anacheza, kwa sababu huenda anayelindwa ni yule aliyelala pembeni yake.